Viroboto Wengi Hawako Mwilini mwa Mbwa: Majibu ya Barua Zenu

Mwezi huu barua za viroboto na kupe zimezidi nyingine zote. Nimezisoma jioni tatu mfululizo, huku Tunu, mbwa wangu wa miaka 9, amelala juu ya miguu yangu. Karibu kila aliyeandika anataka kinga ya asili, isiyo na kemikali. Nawaelewa. Mwenye mtoto anayemkumbatia mbwa kutwa nzima ana haki ya kuuliza manyoya yale yamepakwa nini. Lakini katika miaka 26 ya udaktari wa wanyama, baadhi ya mbwa nilioshindwa kuwasahau waliletwa kwangu hoi kwa vitu vya asili kabisa. Kwa hiyo nitajibu bila kuficha, hata pale ambapo jibu si lile mlilotarajia.

Shikamoo daktari. Mbwa wangu ana viroboto tangu miezi miwili iliyopita. Namwosha kwa maji ya mwarobaini, nampulizia siki ya tufaha, na kila siku namtilia punje mbili za kitunguu saumu kwenye chakula. Wanapungua siku moja mbili, kisha wanarudi kana kwamba sijafanya kitu. Nakosea wapi?
— Aliyechoka

Marahaba, na pole sana. Kwanza kabisa acha kitunguu saumu, leo hii. Kitunguu saumu, kitunguu maji na jamaa zao wote wana viini vinavyoharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Madhara hayaonekani palepale. Hupita siku kadhaa ndipo mbwa anaanza kuchoka upesi, fizi zinapauka, mkojo unageuka kahawia. Mbwa wako tayari ananyonywa damu na viroboto, na sisi tunamlisha kitu kinachobomoa damu iliyobaki. Kiroboto mwenyewe hajali hata kidogo, ataendelea kunyonya. Mwinue mdomo sasa hivi utazame fizi. Zikiwa za waridi, shukuru. Zikiwa zimepauka, mpeleke kwa daktari leo, usingoje kesho.

Siki nayo haiui kiroboto. Inamwasha tu mbwa ambaye ngozi yake imechubuka kwa kujikuna. Iache.

Sasa nije kwenye swali lako. Bidii unayo, ila umeielekeza kwa mbwa peke yake. Viroboto wazima unaowaona wakikimbia kwenye manyoya ni kama 5 tu katika kila 100. Wale 95 ni mayai, mabuu, na viroboto wachanga waliojifungia ndani ya vifukofuko, na hao wote wako nyumbani kwako: kwenye matandiko ya mbwa, chini ya kochi, kwenye nyufa za sakafu, kwenye zulia. Jike mmoja akishanyonya damu huanza kutaga ndani ya siku moja hadi mbili, na akikolea hutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo hayanati. Yanateleza kwenye manyoya na kudondoka popote mbwa anapolala, kujikung'uta au kupita.

Yakianguliwa, mabuu hukimbia mwanga na kujichimbia chini kabisa, ambako hula vumbi jeusi linalodondoka pamoja na mayai. Vumbi hilo ni kinyesi cha viroboto wazima, yaani damu ya mbwa wako iliyokauka. Ukitaka kuthibitisha, mchane mbwa juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Chembe nyeusi zikiyeyuka na kuacha doa jekundu la kutu, hao ni viroboto hata kama hujamwona hata mmoja. Zikibaki nyeusi, ni uchafu tu wa uani.

Kisha buu hujisokotea kifukofuko chenye gundi, na vumbi na nyuzi hukinatia mpaka usikitambue. Humo kiroboto anaweza kungoja miezi. Anachongoja ni mtikisiko wa miguu, joto la mwili, na hewa tunayopumua nje. Ndiyo maana watu wakirudi kwenye nyumba iliyofungwa muda mrefu hushambuliwa na viroboto dakika ileile wanayoingia. Na ndiyo maana wako wanarudi baada ya siku mbili. Wale uliowaosha walikufa kweli. Hawa ni wadogo zao waliotoka sakafuni.

Hivyo kinga ya asili yenye nguvu kuliko zote ni kazi ya mikono. Najua si jibu tamu. Nilipomchukua Tunu alikuwa na miezi saba na alikuwa amejaa viroboto. Nilimchana kila jioni kwa kitana cha meno yaliyobanana sana, nikianzia nyuma ya masikio, chini ya kidevu, na pale mgongo unapokutana na mkia. Kando niliweka bakuli la maji yenye sabuni. Sabuni ni lazima; kwenye maji matupu kiroboto huelea na kuruka tena, kwenye maji ya sabuni huzama. Nilikuwa nawahesabu na kuandika kwenye daftari. Siku ya kwanza 31. Siku ya nane 14. Siku ya kumi na tano wakapanda hadi 22, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakasema njia haifai. Mimi nilijua ni vifukofuko vinavyofunguka. Nikaendelea. Wiki ya sita wakawa 3, wiki ya kumi hakuna.

Sambamba na kuchana, matandiko yake niliyafua kila wiki kwa maji ya nyuzi 60 na kuyaanika juani siku nzima, maana mabuu hawavumilii jua kali wala ukavu. Usiyakung'ute ndani ya nyumba. Yakunje taratibu yakiwa palepale, uyatie moja kwa moja kwenye maji. Sakafu niliifyonza kwa mashine kila siku kwa wiki mbili za mwanzo, halafu siku moja baada ya nyingine. Mashine ya kufyonza vumbi ina faida mbili: inabeba mayai na vumbi jeusi, na mtikisiko wake unawaamsha waliomo kwenye vifukofuko watoke ili uwadake. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walionyesha kwamba viroboto wazima waliofyonzwa hufa kwa asilimia 96 humohumo ndani ya mashine, na wachanga hufa wote. Asiye na mashine apige deki kwa maji moto yenye sabuni, aingize brashi kwenye nyufa, asogeze kochi na kitanda. Chini ya kochi ndiko kwenyewe, si katikati ya chumba ambako kila mtu anafagia.

Kuosha mbwa, endelea, ila badilisha mpangilio. Anza na povu zito shingoni, mzunguko mzima kama mkufu, kabla hujamlowesha kwingine. Ukianza na mgongo, viroboto wote hukimbilia kichwani na masikioni ambako huwezi kumwaga sabuni. Mwache na povu dakika 10, kisha suuza vizuri. Tumia shampuu ya mbwa. Ya watu na sabuni ya vyombo hukausha ngozi, na ngozi kavu hujikuna zaidi.

Na mwarobaini? Naupenda, na Tunu humwagiwa maji ya majani yake yaliyopoa kama suuzo la mwisho. Lakini tuuelewe unavyofanya kazi. Kiini chake kikuu, azadirakitini, huvuruga ukuaji wa mdudu anayekila. Kiroboto mzima hali majani, ananyonya damu. Kwa hiyo maji ya mwarobaini yanaweza kuwachukiza kidogo na kutuliza ngozi, ila hayatamaliza jeshi lililoko chini ya kochi. Mafuta ya mbegu zake ni makali zaidi: yasipakwe bila kuzimuliwa, mbwa asiyalambe, na yawekwe mbali kabisa na watoto, kwa kuwa watoto wadogo walioyanywa wamewahi kuugua vibaya sana.

Nyongeza moja: ukiona vitu kama punje za mchele karibu na sehemu ya haja ya mbwa, hao ni vipande vya minyoo tegu. Mbwa huipata kwa kumeza kiroboto anapojiuma. Atahitaji dawa ya minyoo, na itarudi tena kama viroboto hawajaisha.

Daktari, rafiki amenishauri matone ya mafuta ya mimea kati ya mabega ya mbwa kila wiki. Amenitajia mti wa chai, karafuu na mnanaa. Anasema ni salama kwa sababu ni mimea mitupu. Nina paka pia. Nijaribu?
— Mama wa Wanyama Wawili

Usijaribu, mama. Hili nina sababu yangu ya kulisema kwa ukali.

Kabla sijasoma udaktari nilikuwa na mbwa aitwaye Kito, mdogo, kilo 6 hivi. Nilimdondoshea matone kama kumi ya mafuta ya mti wa chai, yale yatokayo kwenye mti wa melaleuka wa Australia ambao hauhusiani na chai ya kunywa. Sikuyazimua. Nilifanya asubuhi. Alasiri Kito alikuwa anayumba, miguu ya nyuma haimtii, mate yanamtiririka, anatetemeka. Nilimwogesha kwa sabuni nikilia, nikambeba kwa daktari. Alipona baada ya siku mbili. Mkono wangu mwenyewe ndio uliomfanya vile, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kuisomea kazi hii.

Mafuta haya si sawa na jani. Ili kupata chupa ndogo, hukamuliwa rundo kubwa la mmea, na kinachobaki ni sumu ya mmea ikiwa imekolezwa. Mmea hutengeneza vitu hivyo ili uwaue au uwafukuze wanaoula. Ngozi ya mbwa huyanyonya upesi, na yanayobaki juu ya manyoya atayalamba. Kuna mmea wa jamii ya mnanaa uitwao peniroyali ambao tangu zamani husifiwa kufukuza viroboto. Mafuta yake huunguza ini. Mwaka 1992 jarida la madaktari wa wanyama la Marekani lilichapisha habari ya mbwa aliyepakwa mafuta hayo kwa ajili ya viroboto akafa. Mmiliki wake alimtakia mema kama wewe unavyomtakia wako.

Paka ndiye wa kuogopewa zaidi. Ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuvunja viini vingi vya aina hii, na paka hujilamba mwili mzima kila siku. Hata akijisugua tu kwa mbwa aliyepakwa, anaweza kudhurika. Wanyama wakikaa nyumba moja, mpake mbwa kile tu ambacho paka naye angeweza kukigusa.

Kama mbwa ameshapakwa mafuta ya aina hii na anayumba au kutetemeka, mwoshe mara moja kwa sabuni ya kuoshea vyombo (hapa inaruhusiwa, kwa sababu tunataka kuondoa mafuta), mfunike asipatwe na baridi, mpigie daktari simu. Usimtapishe.

Katika barua yako umeuliza pia kuhusu pareto. Pareto ni ya asili kweli, hutoka kwenye maua, na inaua viroboto kwa haraka. Ni mojawapo ya viuawadudu vya kale ambavyo bado vinafanya kazi. Jua huivunja ndani ya muda mfupi, kwa hiyo haikai. Tumia ile iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama tu, kwa kipimo kilichoandikwa. Na soma jina mara mbili: permethrini ni nduguye wa kiwandani aliyeiga umbo lake, na huyo huua paka. Majina yanafanana, chupa zinafanana. Nimeshapokea paka waliokuwa wakitetemeka kwa sababu mtu alisoma herufi za mwanzo tu.

Kupe! Nawatoa ishirini leo, kesho wapo wengine. Jirani anasema niwapake mafuta ya taa au niwachome kwa kiberiti waachie wenyewe. Nimewaona hata wakipanda ukutani. Hivi kuna dawa ya asili ya kupe?
— Baba Mlinzi wa Uani

Hao wanaopanda ukutani wamenipa jibu. Huyo ni kupe wa kahawia wa mbwa, na tofauti na kupe wengi wanaohitaji vichaka, yeye anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya nyumba au banda. Hunyonya mara tatu: akiwa kichanga wa miguu sita, akiwa tunutu, na akiwa mzima, hawa wawili wa mwisho wakiwa na miguu minane. Kila akishiba hudondoka, hutafuta ufa, hujibadilisha, kisha hurudi kwa mbwa. Jike aliyeshiba, yule wa kijivu aliyevimba kama harage, hupanda na kujificha kwenye ufa ili atage maelfu ya mayai. Mzima anaweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula. Kwa hiyo kuhamisha mbwa mwezi mmoja ili wafe njaa hakusaidii.

Mafuta ya taa na kiberiti, usithubutu. Ukiacha kumuunguza mbwa, kupe aliyebanwa au kukoseshwa pumzi anaweza kutapika ndani ya kidonda, na matapishi hayo yanaweza kubeba vijidudu. Mafuta ya kula na mafuta mazito ya kupaka vivyo hivyo. Mbali na hayo, yanakuchelewesha. Chukua kibano chenye ncha nyembamba. Mshike kupe karibu kabisa na ngozi, kwenye mdomo wake, si kwenye tumbo. Vuta moja kwa moja juu, taratibu, bila kunyonga na bila kushtua. Atatoka. Kipande cha mdomo kikibaki usichimbe na sindano. Ngozi itakisukuma chenyewe. Safisha, nawa mikono. Kupe mtie kwenye spiriti, usimponde kwa vidole.

Mkague mbwa kila siku. Nasema kila siku kwa sababu ya saa: magonjwa mengine ya kupe huhitaji kupe awe ameng'ang'ania siku nzima au zaidi ndipo yaingie, ingawa mengine hupita ndani ya saa chache. Anza ndani ya masikio, chini ya ukosi, kwapani, katikati ya vidole vya miguu, kwenye kinena, chini ya mkia. Katikati ya vidole ndiko wengi wanakosahau. Ninayemkagua Tunu ni mimi na vidole vyangu, macho nimefumba. Kupe mdogo huhisiwa kabla hajaonekana.

Halafu nenda kwenye ukuta. Ziba nyufa za banda kwa saruji, ondoa mbao kuukuu na magunia, choma matandiko yaliyochakaa. Mvuke wa moto ukiuelekeza kwenye ufa huua kupe na mayai pamoja. Kwenye sehemu kavu unaweza kunyunyiza unga wa diatomu, ule mwamba laini uliotokana na magamba ya vijimea vya majini vya kale. Unga huo hukwangua nta inayomlinda mdudu asikauke, akakauka. Uwe ule unaoruhusiwa kwenye chakula, si wa kuchujia mabwawa ya kuogelea, na vaa barakoa unapoumwaga kwa sababu mapafu hayaupendi. Ukilowa haufanyi kazi. Mwilini mwa mbwa siuweki: hukausha ngozi, naye atauvuta puani.

Uani fyeka nyasi ziwe fupi na jua liingie. Ukipakana na kichaka, acha ukanda wa changarawe au vipande vya mbao wenye upana wa mita moja hivi. Kupe hapendi kuvuka mahali pakavu penye joto.

Mafuta ya nazi wameniuliza wasomaji wanne, basi niwajibie hapahapa. Mwaka 2018 watafiti wa serikali ya Marekani walichapisha matokeo kwamba asidi fulani zinazotokana na mafuta ya nazi ziliwafukuza kupe maabara kwa takriban wiki moja. Habari ikasambaa ikiwa nusu. Hawakutumia mafuta ya nazi yenyewe, walitumia asidi zilizotenganishwa, na walisema wazi kwamba mafuta yenyewe hayafukuzi. Ukimpaka mbwa mafuta ya nazi atang'aa, atajilamba, na labda atahara.

Sasa nikwambie ambalo pengine hukutaka kulisikia. Kupe ishirini kwa siku, kila siku, kutoka ukutani: hapo siwezi kukupa jani. Kupe huyu hubeba erlikia na babesia, na nimezika mbwa wenye nguvu kwa magonjwa hayo. Tumia dawa ya daktari kwa miezi michache huku ukifanya kazi ya kuta, na ukishawamaliza ndipo uamue kama vidole vyako na kibano vinatosha. Kila unapomtoa kupe andika tarehe. Mbwa akipata homa, akikataa chakula, akitoka damu puani au mkojo ukawa mwekundu au kahawia katika wiki zinazofuata, mwoneshe daktari tarehe hizo.

Nina watoto wa mbwa wa wiki tatu, wamejaa viroboto na wamelegea. Niwapake nini cha asili?

Hakuna cha kupaka. Mtoto wa mbwa wa umri huo ana damu kidogo mno, na viroboto wanaweza kuimaliza. Tazama fizi: nyeupe ni dharura, nenda kwa daktari sasa hivi. Wakati wa kungoja usafiri, wachane kwa kitana juu ya taulo yenye joto, mmoja mmoja, dondosha viroboto kwenye maji ya sabuni. Usiwaoshe kwa maji baridi, watapoa na kufa kabla ya viroboto kuisha. Matandiko badilisha yote. Mama yao atibiwe na daktari kwa dawa inayofaa anayenyonyesha, maana ndiye anayewaambukiza.

Vipi kuhusu ukosi wa sauti zisizosikika na hamira kwenye chakula?

Vyote viwili vimepimwa na havikufukuza viroboto. Hamira ya unga wa mikate ikiwa hai ni hatari kabisa, huumuka tumboni na kutoa pombe. Nunua kitana.

Bibi daktari, mbwa wangu mzee wa miaka 11 ana kifafa. Nimesoma kwamba vidonge vya kisasa vya viroboto na kupe huleta degedege, ndiyo maana natafuta njia ya asili. Je, naogopa bure?
— Mlezi wa Mzee

Huogopi bure, na nakushukuru kwa kuandika kabla ya kumpa chochote. Mwaka 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu kundi la dawa ziitwazo isoksazolini, ambamo wamo afoksolana na fluralana. Baadhi ya mbwa na paka walitetemeka, walipoteza mwelekeo au walipata degedege. Mamlaka hiyo haikuziondoa. Ilisema kwa wanyama walio wengi ni salama, ila daktari apime historia ya kila mnyama. Mimi huwapa mbwa wengi dawa hizo bila wasiwasi. Mbwa mwenye kifafa, ninatafuta njia nyingine.

Lakini angalia kwa makini kule unakokimbilia. Mafuta ya kafuri, ya mkaratusi na ya rozimari yanaweza yenyewe kuchochea degedege. Kwa mzee wako chupa yenye picha ya jani ni hatari kama kidonge, pengine kupita kidonge, maana haina kipimo wala daktari aliyeisimamia.

Kuna dawa moja inayonifurahisha kila ninapoisimulia. Mwaka 1982 mwanasayansi aliyekuwa likizo kwenye kisiwa cha Karibi alichota udongo kutoka kiwanda cha ramu kilichoachwa. Ndani ya udongo ule kukapatikana bakteria ambao hakuna aliyewajua, na kutoka kwao ikatengenezwa spinosadi, ambayo leo mbwa humeza ili viroboto wafe ndani ya saa chache. Ni zao la udongo, asili tupu. Hata hivyo lebo yake nayo inataka tahadhari kwa mbwa mwenye kifafa. Kwa hiyo kwako siitaji kama suluhisho. Naitaja ili uone kwamba swali la "asili au kemikali" halitakuongoza. Uliza inamfanya nini mbwa huyu, kwa dawa anazomeza tayari.

Ningekuwa mimi, ningeanza hivi. Kitana kila jioni. Mbwa mzee hupenda kuchanwa, na wewe utapata nafasi ya kumpapasa uvimbe na maumivu. Matandiko mawili ya kubadilishana, moja juani, moja sakafuni. Kufyonza vumbi wakati yeye yuko nje, kwa kuwa kelele humsumbua mbwa mwenye kifafa. Viroboto wakizidi, mwombe daktari dawa ya nyumbani inayozuia ukuaji wa mayai na mabuu, mfano piriproksifeni. Imetengenezwa kiwandani, lakini inaiga homoni ya wadudu ambayo mbwa hana, na inapigwa sakafuni na chini ya samani, si mwilini mwake. Mwache nje mpaka ikauke. Kama ni kupe wanaokutisha, zungumza na daktari kabla ya msimu wao, msichague kwa haraka siku ambayo ameshavimba masikio.

Bila shaka una daftari la degedege zake. Ongeza safu moja pembeni: siku aliyooshwa, kilichonyunyizwa nyumbani, dawa aliyopewa, idadi ya viroboto kwenye kitana. Mpelekee daktari wako ukurasa huo, si maelezo ya kukumbuka. Nami niandikie tena baada ya wiki sita unieleze hesabu imefika ngapi.